Ukuta Usiobisha Hodi

Mara ya kwanza kaka yangu Nelson kuongea kutoka ukutani, Mama alikuwa sebuleni anachambua maharage. Sauti ilitoka juu ya kabati la vyombo.

"Mama, hiyo sinia iko ukingoni, itaanguka."

Mimi nilishtuka nikaangusha ufagio. Mama hakushtuka. Aliweka kiganja juu ya maharage yake, akatazama mlangoni, akatazama dirishani, halafu akainua uso taratibu mpaka kwenye kile kidude cheupe chenye jicho moja ambacho fundi alikifunga jana yake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Nelson."

"Nelson yupi?"

"Nelson wako, Mama! Niko Dar, nakuona kwenye simu."

"Nelson wangu akiingia humu hubisha hodi, kisha akaamkia. Wewe umeingia umeanza na sinia."

Mama akarudi kwenye maharage, akatoa kijiwe, akakitupa nje ya mlango. Nilidhani kaka amekasirika amekata. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Hodi," ukuta ukasema.

"Karibu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sinia imefanya nini?"

Sisemi kwamba kaka yangu ni mtu mbaya. Ningesema hivyo ningekuwa namsingizia. Sisi ni Wameru, nyumba yetu iko juu ya Usa River, pale barabara inapoacha lami na kuanza kupanda katikati ya migomba na kahawa. Baba yetu, Mzee Sumari, alianza kusahau mwaka juzi. Alianza na majina ya ng'ombe, akaja kwenye majina yetu. Wakati wa masika alitoka kwenda kutazama mfereji wa maji, akapotea hadi jioni. Tulimkuta ng'ambo ya kijito, ndani ya shamba la watu, anapunguza majani makavu ya migomba. Alikuwa amesafisha mistari mizima. Mwenye shamba alikuwa amekaa pembeni anamtazama tu, anasema, "Mwacheni amalizie, mimi nimeshindwa kupata kibarua."

Sisi tulicheka. Nelson, aliposimuliwa kwa simu, hakucheka. Kazini kwake kuna mwenzake ambaye baba yake alianguka bafuni huko Moshi, akakaa pale chini peke yake mpaka akafa, na Nelson alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Tangu hapo kila simu ya nyumbani ilimkuta roho juu. Basi Pasaka akaja na fundi kutoka mjini, wakafunga kamera tatu: moja barazani, moja sebuleni, moja jikoni. Mimi akaninunulia simu kubwa ili niweze kuzihudumia zikigoma.

Mimi, Anande, ndiye kitindamimba. Nilimaliza darasa la saba, nikafanya kazi kwenye mashamba ya maua hapo Usa, na Baba alipoanza kusahau nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniita. Niliona tu Mama anavyotembea, nikajua ameelemewa.

Na ile kamera ilitusaidia, lazima niseme. Siku moja Mama alibandika maziwa akatoka kumfuata Baba aliyekuwa anahangaika na kamba ya ndama. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Tukasikia jikoni mtu anapiga kelele, "Hodi! Hodi! Mama, moto!" Kitambaa kilikuwa kimeshika moto pembeni ya jiko. Tulikizima, na Mama akasimama mbele ya kamera na masizi usoni, akasema, "Asante, baba. Leo umebisha vizuri."

Lakini siku zilivyokwenda, hodi zikapungua. Kazi zilimbana huko aliko, akawa anaingia tu. "Mama, usipande hicho kigoda." "Anande, Baba amekunywa dawa?" "Anande, mbona Baba yuko nje bila kofia?" "Anande, geti liko wazi." Nilikuwa nikijibu, "Sawa, kaka," kama mtu anayejibu radi.

Wamama wa jumuiya waliokuwa wakija barazani kwetu Alhamisi baada ya maombi, wakinywa chai na kuwasema watu kidogo, wakaanza kuishia getini. Mmoja aliniambia wazi, "Kwenu kuna mtu juu ya mlango, na anatujua kwa sauti." Mama akaanza kuvaa kitenge cha kanisani ili kukaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nilimwona anajifunga kilemba vizuri kabla ya kwenda jikoni kukoroga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Nikamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Naenda jikoni. Nitaonekana."

Ndipo ukaja mwezi wa saba, na baridi ya huku kwetu mlimani. Mvua ndogo ilimkuta Baba migombani. Alirudi amelowa chapachapa, anatetemeka, meno yanagongana. Mama alikuwa ameweka jiko la mkaa sebuleni na milango wazi. Akamsimamisha pale karibu na moto, akaanza kumvua nguo.

Kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake. Hata Baba alivyo sasa, mimi huleta maji ya kuoga mpaka mlangoni, nikageuka, mengine ni ya Mama. Siku ile nilileta taulo hivyo hivyo, nikasimama nimewapa mgongo. Nilisikia Baba anagomba, hataki, hamjui ni nani huyu anayemvua. Nilisikia kofi likitua begani kwa Mama. Halafu nikasikia Mama anaanza kuimba, polepole, wimbo wa kwaya ya vijana walikokutana. Baba akanyamaza. Baada ya muda akaingia na besi yake, ile ile, hajasahau hata neno. Nilipogeuka alikuwa amevaa koti la sufu, anakula kiazi cha moto, na Mama anamcheka kwamba anaimba kama fahali.

Hakuna aliyekumbuka jicho la juu ya kabati. Mimi ambaye kila mtu husema sipitwi na kitu, sikulikumbuka.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia. Lilikuwa kundi la ukoo, lile lenye shangazi, binamu, wakwe, mpaka watoto wa binamu walioko chuo. Nelson alikuwa ametuma video. Simu yangu haifungui video mpaka uibonyeze. Niliona ukungu tu na rangi ya ukuta wetu. Chini yake kulikuwa na maneno: "Ndugu zangu, naomba mtazame wenyewe hali ya wazazi wetu. Baba anampiga Mama. Hatuwezi kuendelea hivi. Jumamosi nakuja kuwachukua, wahamie kwangu Dar moja kwa moja."

Kidole kilikuwa juu ya ule ukungu niliposikia mtu anaita nje. Alikuwa Baba mdogo Elieza, mdogo wake Baba, ambaye nyumba yake iko kwenye mfereji. Alikuwa amekimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Simu yake ameishika kifudifudi, ameifunika na kofia.

"Anande, umefungua?"

"Bado, Baba mdogo. Shikamoo."

"Usifungue. Marahaba. Usifungue, mwanangu, futa." Akapangusa uso. "Mimi nimefungua. Mimi ni mdogo wake, nimemwona kaka yangu kama alivyozaliwa. Niseme nini sasa?"

Baba alikuwa barazani, akamwona, akamwita kwa furaha kwa jina la ndugu yao aliyekwishafariki. Baba mdogo alishindwa kumtazama. Alimpa mkono huku anaangalia miguu ya kiti.

Mama alitoka jikoni. Aliambiwa mbele ya banda la ng'ombe, ambako hakuna kamera. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Na Sia yumo mle?" akauliza. Sia ni mke wa Nelson, Mchaga wa Machame.

"Wakwe wote wamo, shemeji," Baba mdogo akasema. "Wote."

Mama hakulia. Alimaliza kukamua, akapeleka maziwa ndani, akayafunika. Kisha akachukua ufagio, akageuza mpini, akaenda kugonga kamera ya sebuleni kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

"Hodi, Nelson."

Akagonga tena.

"Hodi kwa Nelson na Sia."

"Mama? Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimebisha hodi. Nikaribie, nisikaribie?"

"Karibu, Mama, lakini niko kikaoni, nimetoka tu hapa nje, naongea kwa sauti ndogo."

"Mimi nitaongea kwa kubwa. Picha ya baba yako umewapa akina nani?"

"Mama, ni ya familia tu. Nimetuma waone hali halisi. Kila siku mnaniambia Baba hajambo, Baba hajambo. Baba alikupiga! Nimeona kwa macho yangu."

"Alikuwa na baridi. Wewe ulipokuwa mtoto nikikuvua nguo zenye maji ulikuwa unanipiga mateke ya tumbo. Nilikupeleka wapi?"

"Mama, si sawa na..."

"Sia ameona?"

Tulisikia anafunga mlango huko aliko.

"Nimekuuliza. Mkeo ameona uchi wa baba yako?"

"Hayo mambo ni ya zamani, Mama."

"Baba yako pia ni wa zamani."

Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ile ya kuniamrisha mimi. "Jumamosi nipo hapo. Chumba kiko tayari, kuna nesi, kuna feni, kila kitu. Anande! Najua upo hapo. Funga nguo za Baba na za Mama, na uweke kadi yake ya kliniki."

Nilikuwa nimesimama pembeni ya mlango, mahali ambapo kamera haifiki vizuri. Miezi yote ile nilikuwa nimejua haifiki pale, na nilikuwa nikisimama pale nikichoka kutazamwa. Nikatoka, nikasimama katikati ya chumba.

"Kaka, sifungi."

"Unasemaje?"

"Sifungi nguo za mtu ambaye hajasema anaondoka. Umemuuliza Baba?"

"Baba hajui hata jina langu!"

"Jina lako halijui. Nyumba yake anaijua."

"Wewe na darasa lako la saba ndiye utakayenifundisha mimi kutunza wazazi?"

Neno hilo lilinichoma, sitaficha. Lakini nilikuwa nimelingojea miaka mingi, na mtu ukingojea kitu sana, kikifika unakuta umeshakiandalia kiti.

"Sikufundishi, kaka. Nakataa."

Mama akanisogezea kigoda kwa mguu. "Umesikia, Nelson. Anande, mtoe huyu ukutani."

Nikapanda. Nelson alikuwa anasema, "Anande, usiguse, Anande, nakwambia," na uso wangu bila shaka ulikuwa umejaa kwenye simu yake kule Dar. Nikashika waya, nikavuta. Ile taa ndogo ya kijani ikazimika. Nikaenda jikoni, nikaenda barazani. Kamera zote tatu nikazifunga kwenye gazeti, nikazitia kwenye kapu la mayai.

Siku hiyo hiyo Mama alianza kukata masale. Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani huku kwetu na Uchagani. Mpaka wa masale hausogezwi. Atakayeusogeza atasemwa hadi kwa wajukuu zake. Na jani hilo hilo ndilo anayekosa huenda nalo kwa aliyemkosea, akiwa amelishika kwa mikono miwili. Ukiletewa isale hukatai kusamehe. Lakini lazima aliyekosa alilete mwenyewe.

Tulichimba getini, nguzo hadi nguzo, tukapanda mstari mzima. Ng'ombe tukawapitisha nyuma. Baba alikuja akatusaidia kushindilia udongo, hakuuliza. Watu waliokuwa wanapita kwenda mnadani walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari. Huku kwetu habari haikuhitaji tena kundi la simu.

Ijumaa wifi yangu Sia alinipigia. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Wifi, mimi nilipoona ni Baba nilifunika simu na mkono. Lakini nilikuwa nimeshaona. Nitaingiaje kwenu?"

"Umemwambia Nelson?"

"Anasema ni mila tu. Na kesho tunaondoka alfajiri na ndege. Amekodi gari la kutuchukua uwanjani, gari kubwa, ili Baba alale kiti cha nyuma."

"Njooni," nikamwambia. "Geti mtaliona."

Wakafika. Nilikuwa nimekaa barazani na Mama, tunamenya ndizi. Mama alikuwa kichwa wazi, amevaa lile gauni lake la zamani lililochanika kwapani, na sikumwona amependeza hivyo tangu Pasaka. Gari lilipanda kwa kishindo, likapinda kwetu, likasimama ghafla. Dereva, kijana wa Kimandolu huko mjini, alizima injini.

"Mbona unasimama?" Tulimsikia Nelson.

"Bosi, hapo mimi sipiti."

"Ni majani tu hayo!"

"Basi shika usukani wewe, ukanyage wewe. Mimi nina mama."

Nelson akashuka. Alikuwa amekonda, macho mekundu, shati limejikunja mgongoni. Akaamkia kwa mbali, "Shikamoo Mama." Mama akaendelea kumenya ndizi. "Mama, jamani. Watu wanapita." Ni kweli, walikuwa wanapita, na wengine walikuwa wamemaliza kupita wakarudi tena. "Anande, njoo utoe hivi vitu."

Sikunyanyuka.

Akainama, akashika isale moja shinani. Ndipo dirisha la gari likashuka, na Sia, kichwa amekifunika khanga hadi kwenye nyusi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nelson. Ukiling'oa hilo, mimi nashuka hapa natafuta gari la Machame."

Mkono wa kaka ukabaki pale pale chini. Sijui angefanya nini. Sikupata kujua, maana Baba alikuwa ametokea upande wa zizi, na kisu chake cha migomba, na lile koti la sufu. Alitembea mpaka getini. Akatazama mstari wa masale kama anayekagua kazi ya mtu. Akagusa jani moja, akalinyoosha.

"Nani amefunga geti langu?" akauliza.

"Mimi," Mama akajibu kutoka barazani.

"Umemfungia nani?"

"Muulize huyo aliye nje."

Baba akamtazama Nelson. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama anavyotazama wageni wote siku hizi.

"Kijana, umekosa nini?"

"Baba, ni mimi. Nelson."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza umekosa nini."

Kaka yangu alinitazama mimi. Nikamtazama na mimi, sikumsaidia. Akamtazama Mama. Akageuka kwenye gari, na Sia akainamisha kichwa. Hakukuwa na mahali pa kubonyeza. Aliposema, alisema kwa Kimeru, lugha ambayo sikumsikia akiisema tangu aondoke nyumbani.

"Nilimwona mzee wangu hana nguo. Nikawaonyesha watu."

Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mbona ulifanya hivyo?"

"Niliogopa. Niliogopa atakufa peke yake, mimi niko mbali."

"Mzee wako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi una bahati. Wengine huenda kuomba msamaha kaburini." Baba akainama, akakata jani moja kwa kisu chake, akalipangusa udongo kwenye koti, akampa. "Shika. Mpelekee. Atakusikia. Mzee hakatai hili."

Nelson alilipokea. Alilishika, akalitazama. Kisha akapiga magoti pale pale nje ya mstari, kwenye vumbi, na ile suruali ya ndege, akaliinua kwa mikono miwili kumrudishia Baba.

Baba hakuelewa kwanza. Akatazama jani, akatazama mikono, akatazama uso. Nilimwona kitu kinampita machoni, kama mtu anayepita nyuma ya dirisha.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Dereva alikuwa amevua kofia. Baba akalichukua jani, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, anapoweka leso yake.

"Simama, utachafuka. Pita hapa pembeni. Gari libaki."

Baba mdogo Elieza alikuja, kondoo akachinjwa, na wazee wakasema yanayosemwa. Sia aliingia akiwa amejifunika, akamwamkia Baba akitazama chini, na Baba akampa ubavu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwetu maana yake hakuna kinyongo. Video ilifutwa, na Nelson akaandika kwenye kundi maneno mawili tu: "Nimekosa. Nisameheni." Lakini nilijua kaka yangu hajaishiwa maneno. Alipomaliza kula alifuta mikono, akasema:

"Mama, nimeomba msamaha kwa picha. Safari ni jambo jingine. Baba akianguka je?"

Mama alikuwa amelingojea hilo. "Anaweza kuanguka."

"Sasa?"

"Ataanguka kwake, na sisi tutamwinua kwake. Akipotea, watu wa huku wanajua. Wakimkuta njiani hawamgeuzi, wanamsindikiza anakokwenda, akichoka wanamrudisha. Huko Dar nani atamsindikiza? Nesi na feni?" Akamgeukia Baba. "Mzee Sumari, mwanao anataka kukupeleka Dar es Salaam ukakae."

Baba alikuwa anachokonoa meno. "Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Mimi nimeshakaa," Baba akasema.

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Hata Sia alicheka ndani ya khanga. Nelson alijaribu kutocheka, akashindwa, na akicheka hufanana na Baba mpaka inatia huruma.

Baadaye nilileta lile kapu la mayai, nikamwekea miguuni. Alifunua gazeti, akaziona kamera zake.

"Niziache hata moja?" akauliza, na safari hii alikuwa ananiuliza mimi. "Ile ya barazani tu, Anande. Inayotazama njia."

Ningeweza kumwonea huruma. Nilimwonea, kwa kweli. Lakini nilikumbuka kilemba cha Mama jikoni.

"Hapana, kaka. Ukitaka kujua, piga simu. Nitakwambia, hata kama ni baya. Ukitaka kuona, njoo."

"Zichukue," Mama akasema. "Tena moja kaifunge kwako sebuleni. Anande atanionyesha kwenye simu yake. Na mimi nina mtoto yuko mbali, amekonda, sijui kama anakula."

Nelson alidhani ni utani. Sia hakudhani. Walipofika Dar tu, akamwita fundi.

Masale ya getini yameshika mizizi. Tuliacha nafasi ya mtu mmoja kupita, magari yanabaki barabarani, hata la mchungaji. Wamama wa jumuiya wamerudi barazani, na safari hii wana habari za kutosha. Baba alipotea tena mara moja, akarudi na mtu aliyemsindikiza na mkungu wa ndizi aliopewa, anaimba.

Na baadhi ya jioni, kabla ya maziwa, Mama huniambia nilete simu. Hukaa vizuri, huiweka mbele yake, na mimi humfungulia sauti tu. Picha hairuhusu mpaka ajibiwe.

"Hodi kwa Nelson," husema.

Mara nyingi anajibiwa. Sia huita, "Karibu Mama, shikamoo," na Nelson anatokea na sahani mkononi kuthibitisha. Jana hakukuwa na jibu. Tulisikia tu friji yao inanguruma, na gari kwa mbali. Nikamwambia, "Mama, nikufungulie utazame tu?"

Alinitazama kama nimemtukana. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Hawajakaribisha," akasema. "Tutarudi kesho."